Kodi ya miezi sita, hela ya siku kwa siku: kisa cha mpangaji wa Tabata aliyepunguzwa kazini

Mhusika na hali yake

Mhusika, tumwite Mama N., ana miaka 34 na watoto wawili, mmoja yuko darasa la nne na mwingine chekechea. Jina, mtaa na kampuni vimefichwa, ila hesabu zimeachwa kama zilivyokuwa. Alikuwa karani wa ghala kando ya Barabara ya Nyerere kwa miaka 6 na miezi 4. Mshahara wa msingi ulikuwa shilingi 700,000. Ukitoa 70,000 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na 42,000 ya kodi ya mshahara, alikuwa akipokea 588,000.

Anapanga chumba na sebule maeneo ya Tabata kwa 150,000 kwa mwezi, na kama ilivyo kawaida ya Dar analipa miezi sita kwa mkupuo, yaani 900,000. Barua ya kupunguzwa ilimfika katikati ya Aprili, wakati kodi ikiwa imelipwa hadi mwisho wa Agosti. Miezi hiyo minne na nusu ya bure ilimlaza usingizi. Alijiona hana shida ya nyumba, kumbe deni la 900,000 lilikuwa limeshapangiwa tarehe, nalo lilikuwa linamsubiri mtu ambaye kuanzia sasa hela ingemjia kwa mafungu ya elfu tatu, elfu kumi.

Fedha alizotoka nazo

Hesabu ya kwanza ya mwajiri ilimpa kiinua mgongo cha 980,000. Walichukua siku 7 kwa kila mwaka, miaka 6, jumla siku 42, kisha wakagawa mshahara kwa 30. Siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika ni sahihi kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo huhesabu hadi miaka 10. Kosa lilikuwa kwenye 30. Jedwali la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, halafu kwa siku za kazi za wiki. Anayefanya kazi siku sita anaangukia 26. Mshahara wa 700,000 ukiugawa kwa 26 na kuzidisha kwa 42 unapata 1,130,769. Tofauti ni 150,769, karibu sawasawa na kodi yake ya mwezi mmoja.

Aliandika barua ya ukurasa mmoja, akaweka hesabu mstari kwa mstari, akabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Ofisi ilirekebisha ndani ya siku tano. Ingekataa, njia iliyobaki ilikuwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko saa inatembea: siku 30 kwa anayepinga uhalali wa kuachishwa, siku 60 kwa madai mengine. Watu wengi huzimaliza siku hizo nyumbani wakipewa pole.

Ukijumlisha malipo ya notisi 700,000 na siku 14 za likizo ambayo hakuitumia (350,000), mkononi baada ya kukatwa kodi ya mapato ilifika 2,060,000. Alikuwa na akiba ya 310,000. Jumla 2,370,000. Upande wa pili alikuwa na hisa za VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) za 420,000 ambazo haziguswi hadi kikundi kivunje mwezi Desemba, na deni la 240,000 kwenye kikundi hicho hicho.

NSSF alikwenda akidhani atabeba michango yote, kama wengi wanavyodhani. Tangu mabadiliko ya 2018 kinachotolewa ni fao la kukosa ajira. Aliyechangia miezi 18 au zaidi na hakuacha kazi kwa hiari yake hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwake ilikuwa 233,100 kwa mwezi. Maombi aliyapeleka mwanzoni mwa Mei, lakini michango ya miezi miwili ilikuwa haionekani kwenye mfumo, ikabidi arudi kwa mwajiri mara tatu. Malipo ya kwanza yaliingia Julai 9. Taarifa ya michango angeitoa wiki ya kwanza, kabla ya kukabidhi funguo za ghala na wakati simu zake bado zinapokelewa, angeokoa zaidi ya mwezi.

Aprili hadi Juni: hela ilivyoondoka

Wiki ya pili alilipa deni lote la VICOBA, 240,000. Wiki hiyo hiyo mdogo wake aliomba 300,000 za dharura. Hadi leo zimerudi 100,000, nazo zilirudi mwezi Februari. Kisha dalali akamwonyesha frem nzuri ya duka, 120,000 kwa mwezi, miezi sita mbele. Alitanguliza 100,000 ili isichukuliwe. Baada ya siku nne alikaa akapiga hesabu: 720,000 ya pango, 120,000 ya dalali, na mzigo bado hajanunua. Akaghairi. Ile 100,000 haikurudi, maana haikuandikiwa karatasi yoyote.

Katikati ya Mei alianza chapati za jumla, anapika nyumbani na kuwapelekea wauza chai wenye vibanda karibu na gereji na vituo vya daladala. Vifaa vilikula 205,000: jiko kubwa la mkaa, vyuma viwili, mabeseni, hotpoti mbili kubwa na meza ya kusukumia. Unga, mafuta na mahitaji ya mwanzo 140,000. Mtoto mdogo alilazwa mwezi Juni na bima ya kazini ilikuwa imekwisha pamoja na kazi, hivyo 140,000 nyingine ikaenda taslimu. Matumizi ya nyumba bila kodi yalikuwa 380,000 kwa mwezi. Ilipofika Julai mosi alikuwa na 420,000.

Kilo kumi za unga

Hapa panahitaji kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo biashara ilikuwa inavuja bila yeye kujua.

Alikuwa anapika kilo 10 kwa siku na kupata chapati 110, akiuza 350 kila moja: 38,500. Kwenye daftari alitoa unga 17,000 na mafuta lita mbili 10,000, akaandika faida 11,500. Hakuandika mkaa 3,500, chumvi, sukari na mifuko 1,500, wala bodaboda wa asubuhi 3,000. Faida ya kweli ilikuwa 3,500 kwa siku. Wiki sita alifanya kazi kuanzia saa tisa usiku kwa ujira huo, na kila mwisho wa wiki alishangaa hela imepotelea wapi.

Tatizo la pili lilikuwa donge. Kilo moja ya unga pamoja na maji na mafuta inatoa kinyunga cha kama kilo 1.65. Alikuwa anakata kwa jicho, na jicho la mama anayepikia familia yake lina huruma: madonge yalikuwa ya gramu 150, kumi na moja kwa kilo. Katikati ya Julai alinunua mzani wa jikoni kwa 20,000 akashusha donge hadi gramu 127, kumi na tatu kwa kilo. Hakuna mteja aliyelalamika, kwa kuwa upana wa chapati ulibaki ule ule na kilichopungua ni unene kidogo. Chapati 130 mara 350 ni 45,500. Ukitoa gharama 35,000 inabaki 10,500. Unga wa mfuko wa kilo 25 ukaongeza 1,000 kwa siku. Mzani huo ulirudisha bei yake kwa siku tatu.

Jiko nalo lina habari yake. Wiki mbili za mwanzo, kabla jiko la mkaa halijatengenezwa, alitumia jiko la umeme. Nyumba ina wapangaji watano kwenye LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja, kila mmoja akichanga 10,000 kwa mwezi. Jiko la wati 1,500 likiwaka kwa muda wa saa tatu linakula uniti 4.5. Kwa mita ya matumizi ya kawaida, uniti moja pamoja na kodi na tozo ni kama 356, kwa hiyo ni 1,600 kwa siku, zaidi ya 41,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Yeye anachanga 10,000. Majirani waligundua kabla yake, na kikao cha uani kilikuwa kichungu. (Kwenye LUKU hiyo hiyo hukatwa kodi ya majengo, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni kodi ya mwenye nyumba, ila huangukia aliyenunua umeme kwanza. Wapangaji wa nyumba hii hawakuwahi kuidai.)

Julai: mkopo wa simu

Mwishoni mwa Juni, baada ya kuona hela inayeyuka, aliweka 400,000 benki na kujiapiza kuwa hiyo ni ya kodi tu. Uamuzi ulikuwa mzuri kwa nia, ila ulimwacha na 20,000 ya mzunguko. Julai 3 unga ulikwisha, NSSF haijaingia, na muuza chai mmoja aliyekuwa akichukua kwa mali kauli alihama na deni la 46,000. Akapakua programu ya mikopo. Aliomba 50,000, zikaingia 37,500 baada ya makato ya "huduma", na alitakiwa kurudisha 62,000 ndani ya siku 14.

Gharama ya 24,500 juu ya 37,500 ni asilimia 65 kwa wiki mbili. Wakopeshaji wadogo wenye leseni ya daraja la pili hawaruhusiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na mtindo wao ni huu huu: makato ya mbele, muda mfupi, ruhusa ya kusoma majina yote ya simu. Siku ya kumi na tatu ujumbe ulianza kuwafikia wateja wake kwamba wamkumbushe deni. Kwa aibu alilipa yote kwa mpigo akitumia hela ya unga, akashindwa kupika siku nne, na vibanda viwili vikapata mpishi mwingine. Kimoja kilirudi Agosti. Mtaani mikopo ya aina hii inaitwa kausha damu.

Mazungumzo na mwenye nyumba

Alimwambia mwenye nyumba mwishoni mwa Juni, miezi miwili kabla ya tarehe. Kabla ya hapo alikuwa akimkwepa, akitoka alfajiri na kurudi kwa mlango wa nyuma, hadi jirani akawahi kufikisha habari. Hilo lilimgharimu, kwani kikao cha kwanza kilianza kwa lawama: "Mama N., mimi nasikia nje kwamba umeachishwa, wewe unanisalimia tu kila siku?"

Kikao cha pili alikwenda na karatasi: mapato anayotarajia, barua ya NSSF, na pendekezo la maandishi. Alimwuliza pia mwenye nyumba kwa nini anataka miezi sita. Jibu lilikuwa ada ya shule ya mtoto mwezi Januari na ukarabati wa bati. Kumbe Septemba haikuwa na shinikizo kubwa. Wakakubaliana hivi: Septemba mosi 300,000 kwa miezi miwili, kuanzia Novemba malipo ya mwezi kwa mwezi kabla ya tarehe 5, kodi ikipanda kuwa 160,000 kwa usumbufu huo. Nyongeza iliandikwa kwenye mkataba, ikasainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nakala mbili.

Kuhama alikufikiria. Chumba kimoja cha 70,000 kilipatikana huko Chanika. Lakini miezi sita ni 420,000, dalali 70,000, kirikuu cha kubeba vyombo 60,000, jumla 550,000 kabla hajapika chapati moja. Na chapati zinatakiwa kibandani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kutoka Chanika na hotpoti mbili ni bodaboda ya bei inayomeza faida yote. Angepata nyumba ya bei nafuu na kupoteza kinachoilipia.

Septemba hadi Januari

Septemba mosi alikuwa na kama 515,000. Alilipa 300,000, akabaki na 215,000. Kuanzia siku hiyo alibadili utaratibu: kila mchana baada ya kukusanya mauzo alitenga kwanza hela ya kupikia kesho, 35,000, kisha 6,500 ya kodi kwenye laini nyingine ambayo simu yake inakaa kwa dada yake, ndipo kilichobaki kinaitwa cha nyumbani. Siku 26 za 6,500 ni 169,000, inayotosha 160,000 na siku moja ya kuugua. Alishawishiwa kuiingiza kwenye mchezo wa akina mama wa mtaa, akakataa kwa sababu zamu yake ingekuwa ya saba. Mali kauli nayo ikawekewa sharti moja: leta ya jana uchukue ya leo.

Kodi ya Novemba ililipwa tarehe 5, ya Desemba tarehe 9 baada ya kumtaarifu mwenye nyumba tarehe 3, ya Januari tarehe 5.

Daftari lilimfaa mahali ambapo hakutarajia. Mauzo ya Mei hadi Desemba yalifika kama 8,200,000. Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya milioni 7 na 11 kwa mwaka asiye na kumbukumbu za hesabu hutozwa kodi ya mapato ya 250,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, kwake 126,000. Tofauti ni 124,000. Wengi hushtuka kusikia kwamba kinachopimwa ni mauzo, siyo faida.

VICOBA ilivunja Desemba, akapata hisa zake na gawio kidogo. Malipo ya mwisho ya NSSF yaliingia mwezi huo huo. Januari alipanda hadi kilo 15, chapati 195, akimlipa mpwa wake 3,000 kwa siku. Faida ikawa 15,500 kwa siku, 403,000 kwa mwezi, na oda za shughuli za Jumamosi zikaongeza kama 60,000. Matumizi ya nyumba yalishuka hadi 340,000, kodi 160,000. Inahitajika 500,000, inaingia 463,000.

Uchambuzi

Kilichomwokoa zaidi ni mambo mawili yasiyo na uhusiano na mapishi. La kwanza ni ile barua ya kurekebisha kiinua mgongo, la pili ni swali alilomwuliza mwenye nyumba. Wapangaji wengi huenda kuomba huruma, na huruma ina mwisho. Yeye alipojua lini mwenye nyumba anahitaji fedha, alipata cha kujadili. Nyongeza ya 10,000 kwa mwezi inaonekana kama kushindwa, ila ilimpa miezi minne bila kutafuta mkupuo, na ukiilinganisha na mkopo wa siku 14 uliomla 24,500, ni rahisi mno.

Kosa kubwa lilikuwa kukiona kiinua mgongo kuwa mtaji. Siku ya kwanza kilipoingia, 900,000 kati yake zilikuwa tayari za mwenye nyumba wa Septemba. Angezitenga wakati ule, zilizobaki 1,470,000 zingemwonyesha wazi kwamba frem haiwezekani na kwamba mdogo wake apewe 50,000 au pole. Kulipa deni la VICOBA lote kwa mara moja nalo lina pande mbili. Lilimpa heshima kikundini, lakini angelipa kwa marejesho ya kawaida angekuwa na hela ya unga ile Julai 3. Hapa tunaona alikosea, ingawa wanakikundi wenzake wanabisha.

Alipokuja kutenga ya kodi akakosea kwa upande mwingine: alifunga karibu kila kitu. Akiba ya kodi isiyo na kifungu kidogo cha mzunguko pembeni, walau unga wa siku tatu, inamsukuma mtu kwenye mkopo ili ailinde. Kwa biashara ya kilo 10 kifungu hicho ni kama 105,000.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, hakuigusa kwa kuwa inataka kikundi kilichosajiliwa. Kwa wakati ule ilikuwa sawa, kwani inachukua muda na yeye alihitaji hela wiki ile. Sasa ana wauza chai anaowaamini na sababu ya kuanza mchakato, hasa kwa kuwa kilo 15 kwa siku zinamvusha milioni 11 za mauzo kwa mwaka, kiwango kinachomtaka awe na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kielektroniki. Bei ya mashine haimo popote kwenye bajeti yake.

Limebaki pengo la 37,000. Wazo lake la kwanza lilikuwa kupandisha bei ya jumla hadi 400. Muuza chai anauza 500, faida yake ingeshuka kutoka 150 hadi 100, na mpishi yule wa Julai bado yupo. Njia nyepesi ni meza ndogo na mpwa wake, chapati kumi tu kwa siku za rejareja kwa 500. Kila moja inaongeza 150, siku 26 zinatoa 39,000. Isipokuwa meza isikae getini, maana kibanda cha mteja wake wa kwanza kiko hatua ishirini kutoka hapo. Ikae upande wa pili wa mtaa, karibu na gereji.